Pazia la Jicho

"Weka kidevu hapa, mzee. Usitikise kichwa."
Chumba cha ghorofani, Tudor, feni inalalama,
na binti huyu wa chuo, Mishi, ana mashine
isemayo jicho langu limekwenda wapi.
Nikacheka. Mimi?
Miaka thelathini na moja karani wa bandarini,
nimehesabu magunia ya kahawa Kilindini
meli ikipakia, mvua ikinyesha, sikukosea hata moja.
Ama nilikosea moja. Hilo tuliwache.

Picha ikatokea: Marikiti, asubuhi,
mizani, manjano, mdalasini umefungwa vitita,
hamali ameinamia mkokoteni, paka chini ya meza.
Nikatazama. Polepole, nilivyodhani,
kama mtu apitishaye kiganja juu ya kitambaa.

Siyo, asema Mishi. Jicho haliendi kama kiganja.
Huruka. Hutua. Huruka tena,
mara tatu kwa sekunde, shomoro kwenye mchele,
na kati ya mruko na mruko halioni kitu.
"Lakini wahenga..."
"Najua, macho hayana pazia. Yanalo, mzee.
Lashuka na kupanda, wala hulihisi."

Akanionyesha ramani ya safari yangu:
vitone vyekundu, nyuzi baina ya vitone.
Magunia saba, vitone saba. Ukarani haufi.
Uso wa muuzaji, mara nne. Paka, mara mbili.
Mkono unaofungua kifuko cha pesa, muda mrefu.
Na pale kulia, karibu na nguzo,
limebaki tundu. Tundu jeupe, lenye mabega.
Nyuzi zimelizunguka kama maji na jiwe,
hakuna hata mmoja uliothubutu kutua.

"Hapa hukutazama kabisa," asema. "Na kuna mtu."
Najua kuna mtu.
Badi Msellem, kanzu ya kijivu, bega la kushoto limeshuka,
Badi aliyeapa mbele ya hakimu juu ya gunia lile,
sijaitikia salamu yake tangu themanini na nne.

Basi nani alimwona, hata nikamkwepa?
Kwa ukingo gani wa jicho, kwa mlango gani wa uani
aliingia Badi kabla sijamfungia?
Mtu hazunguki shimo asilolijua.

Mishi akaandika kitu, akazima mashine.
Nikabaki na kidevu juu ya kile chuma baridi.
"Irudishe picha, mwanangu," nikasema.
"Usipime. Irudishe tu."