Koti la Elfu Nne

Jumamosi, Dongmyo, nguo zimelala chini
juu ya turubai, lundo hadi kiunoni,
na sisi tumeinama
kama watu waliodondosha pete.
Kila kitu elfu tatu. Ukipenda sana, elfu nne,
maana muuzaji husoma uso kabla ya kutaja bei.

Nilitoka Panevėžys na begi moja:
nyeusi, kijivu, nyeusi, buluu ya kiza,
nguo za mtu asiyetaka kuulizwa swali.
Seoul ikaniuliza.
Au tuseme waliniuliza wazee wa Dongmyo,
wale wenye fulana ya kupandia milima
chini ya koti la suti la mistari,
na mkanda wa pili juu ya wa kwanza
kwa sababu upo.
Bwana Gwon, muuza saa zisizokwenda,
alikuwa amefunga tai tatu.
Nikamwuliza ipi ndiyo ya leo.
"Zote," akasema. "Kesho siijui."

Basi nikaanza.
Sketi juu ya suruali.
Shati la kiume, mbele nyuma,
vifungo vikishuka uti wa mgongo
hata ikabidi jirani anifunge.
Haneul akanifunga, pini mdomoni, akicheka puani.
Nikakata mikono ya sweta, nikaivaa miguuni.
Nikachemsha maganda ya vitunguu
kama bibi Domicele alivyotia rangi mayai ya Pasaka,
nikatumbukiza viatu vya turubai.
Vikatoka rangi ya kutu,
vikanuka supu wiki nzima.
Mengine yalikuwa mabaya. Picha zipo. Sizifuti.

Mwezi wa tatu, chini ya lundo la jinzi,
mkono wangu ukagusa kitani.
Nilijua kabla ya macho: kikavu, kikaidi,
kama shuka za nyumbani zilizogandia kambani.
Koti fupi, jeupe lisilopaushwa, bila kifungo,
kamba moja imekatika.
Uso wangu ukanisaliti. Elfu nne.
Nikalivaa palepale, soksi za njano chini,
nikashuka kwenye treni nikijiona
mtu aliyeandikwa kwa herufi kubwa.

Mama mmoja, mfuko wa vitunguu saumu magotini,
akatazama koti, akatazama uso,
akainuka, akanipisha kiti.
Akauliza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa.
Kikorea changu ni cha sokoni:
hiki, kile, punguza, kinanibana.
Nikainua simu, ikatafsiri:
*Umefiwa na nani?*

Vazi la matanga. Na wala si kitani,
ni uzi wa mmea mwingine.
Nikalitafuta neno la "hakuna".
Nalijua, ni la kwanza kujifunza.
Halikutoka.

Kwa sababu Januari alikufa Domicele,
na tiketi ilikuwa kodi ya miezi minne,
nikamzika kwenye skrini, saa nane usiku,
nimevaa sweta lisilo mikono,
na mikono yake miguuni.

Nikasema: bibi.
Mama akaitikia kwa kichwa,
akapekua mfuko, akanipa
kichwa kimoja cha kitunguu saumu.
Sijui kwa nini. Labda ndicho kilichokuwa karibu.

Msiniambie koti lilikuwa likinitafuta.
Koti halitafuti mtu. Lilikuwa elfu nne
na kamba imekatika.

Nimeishona kamba, kwa uzi mwekundu,
mshono umekwenda upogo.
Nje halitoki tena. Jumapili nalivaa chumbani
wakati wali unatokota,
na soksi zilezile za njano,
maana Domicele asingenisamehe
rangi moja kutoka kichwani hadi kidoleni.

Jumamosi nitarudi. Bwana Gwon ameniwekea tai,
ya nne, anasema,
yenye bata.