Mavi ya Chuma

Tone lililodondoka ndani ya supu yangu
lilikuwa la kijivu, zito, lenye mchanga.
Nikapanda ngazi kijiko kikiwa mkononi
hadi orofa ya nne, mlango wa Nazibrola,
maneno yangu yamejipanga kama askari wa gwaride:
bibi, dari ni langu, sakafu ni yako,
haya maji ni ya nani?

"Ingia, Jumber," akasema. "Usimkanyage farasi."

Farasi alikuwa amelala ukumbini,
mbavu zake waya za uzio wa shamba lililouzwa,
nyama yake makapi ya zabibu yaliyogandishwa kwa nta,
hana mgongo bado. Alinuka divai na nyuki.
Bafu lilijaa udongo wa ukingo wa Mtkvari
uliofunikwa shuka la maua, kama mgonjwa.
Kuoga huoga kwa dada yake, Jumamosi kwa Jumamosi.
Ndani ya jokofu lililokufa tangu ile miaka ya giza
mifupa ya ng'ombe ilisimama kwa kufuata urefu,
na katikati ya mifupa, jibini.
Jibini la kula. Alinikatia kipande.

Nilitaka kukasirika. Nakiri nilijitahidi.
Lakini ni nani Rustavi hii asiyelishwa na tanuri?
Tariel wake alisimama miaka ishirini na sita
mbele ya chuma kinachotokota
akiengua povu lake kwa upawa mrefu kuliko yeye,
na lile povu, likipoa, ndilo mavi ya chuma:
meusi, yenye matundu, kama mkate ulioungua
na mwokaji akaona haya.
Yametupwa kilima kizima nyuma ya kiwanda.
Nazibrola huyafuata na kigari cha mtoto,
hicho hicho alichomsukumia binti yao,
gurudumu moja linalia njia nzima.

"Chuma chenyewe kilikwenda kujenga madaraja ya watu," alisema.
"Sisi tuliachiwa haya."

Nikamuuliza kwa nini asinunue jiwe la maana,
marumaru, kama wachongaji wenzake wa Tbilisi.
"Marumaru haijapata kulala njaa," akajibu,
akarudi kwenye bega.

Maana alikuwa na bega moja, dirishani,
bega la kushoto la mwanamume, kubwa kama meza,
la mavi ya chuma yaliyobanwa kwa unga na gundi ya mifupa.
Analibomoa, analijenga. Mwaka wa tisa huu.
Mbona bega tu, nikauliza, kichwa kiko wapi?
Hakugeuka.
"Hilo ndilo lililokuwa upande wangu wa kitanda."

Nilishuka na kijiko changu.

Kabla ya Pasaka dari langu lilianguka,
kipande cha ukubwa wa sinia, juu ya meza, saa nane za usiku.
Asubuhi nilikuwa nakusanya vifusi nikatupe
alipofika na ndoo mbili, hajapiga hodi.
"Usitupe!" Akaokota kibonge, akakilamba
kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.
"Chokaa ya zamani. Imechanganywa na manyoya ya mbuzi.
Siku hizi hawatengenezi hii."
Ilinipasa kudai fidia.
Nikajikuta nimeshika ndoo ya pili, nampandishia.

Sasa farasi ana mgongo, mweupe, una nyufa,
na katika ufa mmoja imebaki rangi ya bluu
aliyopaka mama yangu mwaka niliozaliwa.
Wageni wakiuliza, huwaambia: mgongo ni wa jirani.

Nami nakula supu ncha ya pili ya meza.
Juu yangu kuna tundu, fito, na katikati ya fito
uzi wa mwanga akikesha na kazi,
na kile kikwaruzo, kwaru, kwaru,
cha mtu anayelainisha kitu kisichokubali.

Fundi amekuja mara mbili kuliziba.
Mara zote mbili nimemwambia sina hela.
Mara ya pili nilikuwa nazo.