Karai la Kuze

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Ami Shekue
ameushika mwiko unaomzidi kimo.
Karai la shaba limejaa: wanga, sukari,
vingali maji, havijaamua kuwa kitu.
Mimi juu ya gunia, tarakilishi magotini,
nasubiri picha ifunguke.

Imefunguka.
Galaksi moja, kongwe, nene,
na gesi imeizunguka pande zote,
joto lake makumi ya mamilioni ya digrii,
hafifu kuliko pumzi ya mgonjwa.
Hesabu zasema ilipasa kupoa zamani:
ipoe, izame, igande iwe nyota.
Nyota hizo nazitafuta tangu Shaabani.
Hazipo.

"Kwani nani aikoroga?" Ami akauliza,
bila kuinua macho.

Nikamwonyesha kitovu. Shimo jeusi.
Lina uroho, lakini mlaji huyu hafungi mdomo vizuri:
kinachomponyoka chafoka huku na huku,
michirizi miwili, imenyooka kama uzi wa fundi;
nuru yenyewe yataka miaka laki tatu kuimaliza.
Inapopita yaisukuma gesi, yaivimbisha mapovu
makubwa kuishinda galaksi iliyoyazaa,
nayo mapovu hupanda, taratibu,
yakiipasha gesi tena
pale pale ilipotaka kutulia.

Halwa ikafanya *buk*.
Povu likapasuka, tone likamrukia Ami mkononi.
Hakulipangusa.
"Basi karai lako hilo lina kazi," alisema.
"Mimi nakoroga ili igande.
Hilo lakoroga isigande kamwe."

Nilitaka kumwambia si kamwe.
Kwamba michirizi ikizidi, gesi hutawanyika,
shimo hukosa chakula, likasinzia;
gesi hupoa, hudondoka, hulilisha,
nalo huamka na hasira zile zile.
Kwamba kule ukingoni, gesi inapobanwa,
nyota chache huzaliwa hata hivyo,
za samawati, kaidi,
kama ukoko ulioshika pembeni.

Lakini alikwisha kuvuta kuni mbili nje ya meko,
akatia samli, akatia iliki,
mwiko ukaanza kuwa mzito.
"Njoo ushike hapa, mgongo wanivunjika."

Nikashika. Saa tisa usiku, Kuze yote kimya,
viganja vikinifundisha uzito
wa kitu kinachokubali.
Nyuma yangu, juu ya gunia,
picha ikajizima yenyewe, kuokoa betri.