Kivuli Upande wa Kusini

Picha haina tarehe. Nyuma kuna doa la chai
na neno moja la penseli: Sokoni.
Afisa wa vitambulisho, dirisha la tatu, Mbagala,
amesema Mama alete ushahidi wa mwaka,
la sivyo atamchagulia yeye.
Nikaazima kioo cha fundi saa
nikaanza.

Soko ni lile la kale, nguzo za chuma, bati limepinda.
Lile la zege, lenye miavuli isiyofungika,
halijaota bado. Kwa hiyo kabla ya sabini na nne.
Duka la kona lina jina zima, Velji Kanani na Wanawe,
rangi mbichi, wanawe wote wapo,
hakuna aliyekwishapanda ndege.
Toa miaka mitatu.
Msichana anavuka na kreti ya soda,
sketi imekomea juu ya goti
na hamwogopi mtu:
vijana wa operesheni hawajaanza kupima mapaja ya watu.
Toa tena.

Machungwa yamepangwa mafungu, matano matano.
Embe, hata moja.
Na vivuli, cha mpagazi, cha mkokoteni, cha mizani ya kuning'inia,
vyote vifupi, vimelalia upande mmoja.
Nilikwenda Tandamti na dira, saa sita kasorobo,
nikasimama aliposimama mpiga picha.
"Pisha, mshikaji, mzigo!"
"Huyu anampimia nani kiwanja?"
Nikapisha, nikarudi, nikapisha.
Kivuli cha pichani kinaangukia kusini.
Jua, basi, lilikuwa kaskazini. Katikati ya mwaka,
kipupwe kimeshaingia,
sitini na saba. Labda na nane.

Na pale karibu na mizani, bibi yangu Chiku
anabishania bei, mdomo wazi,
kiganjani amefumbata senti ambazo kioo hakizihesabu,
na mgongoni, ndani ya kanga, kisogo cha mtoto.
Maandishi ya kanga: NIMPENDAYE NDIYE HU
mguu wa mtoto umeyakalia yaliyobaki.
Mguu wa miezi minane, tisa.
Nikahesabu kurudi nyuma.
Nikapata mwezi. Nikakaribia wiki.
Nilijiona kama nimemzaa mama yangu.

Nilimkuta barazani anachambua mchele.
Akaifuta picha kwa upindo wa kitenge,
akaisogeza, akaitenga,
akaisogeza tena.
"Huyu si miye."
Chuya moja ikaruka sakafuni.
"Huyu ndiye aliyenitangulia. Alikwenda na surua.
Miye nilikuja baadaye."
Baadaye lini, Mama?
"Baadaye. Mama alipokwisha kulia."
Akaurudia mchele wake.

Miaka hamsini na ushei watu wanamwita Pili.
Mimi mwenyewe nimeliandika jina hilo
kwenye fomu za shule, za hospitali, za luku,
kwa herufi kubwa, ndani ya visanduku,
sikuwahi kuuliza: wa pili kwa nani?

Kioo nimekirudisha kwa fundi saa.
Aliniuliza kama nimekiona nilichokuwa nakitafuta,
nikamlipa mia tano ambayo hakuidai.
Kazi yangu yote imesimamisha ukuta tu:
upande huu wa picha, Mama hayupo.
Upande wa pili kuna kilio,
na kilio hakina kivuli
nikakiwekee dira.

Jumatatu, dirisha la tatu.
Afisa akaigeuza picha, akaliona doa la chai,
akanitazama.
"Mwaka?"
Nikataja mmoja, sauti ikanikauka njiani.
"Siku je? Hamjui. Basi tunaweka kama kawaida."
Akaanza kugonga vibonye kwa kidole kimoja,
akijisomea kwa sauti, taratibu,
kama mtu anayeita wanafunzi:
"Pili... binti Shomvi... tarehe...
mosi..."

Kwenye benchi, Mama akageuka
kutazama nyuma yake.