Swali la Jumamosi

Miaka kumi na tisa nilisali nikiwa nje,
mgongo ukutani, chini ya upenu wa kigango,
pamoja na wanaume wenzangu wa Kidabaga,
tukibishana bei ya mbao na mbolea
mpaka kengele ya mageuzo itukumbushe kuvua kofia.
Ndani walikuwa wake zetu. Imani tuliwaachia wao,
kama tulivyowaachia kuni na maji.

Kisha Egidi Kikoti akaja kunigongea,
saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu mzito
hata tochi yake ilionekana kama kiini cha yai.
"Utume wa wanaume," alisema. "Njoo na kigoda."
Ni fundi wa majeneza, hana maneno mengi.

Tulikuwa saba. Nilidhani tutaulizwa katekisimu;
njiani nilikuwa nimezikariri amri zote kumi,
ya nane ikinipotea kila nikiruka dimbwi.
Tukasali tendo moja la rozari,
sauti zikikwaruza kama bawaba zilizokosa mafuta.
Somo likasomwa. Kimya.
Egidi akapulizia vidole vyake, akauliza:
"Wiki hii, nani alikuogopa nyumbani kwako?"

Hilo tu. Swali likazunguka
kama kata ya ulanzi kilabuni.
Blasio akasema: mbwa. Tukacheka.
Mzee Kalinga akasema: marehemu mke wangu.
Hatukucheka.
Liliponifikia nikasema: hakuna,
haraka, kama mtu anayelipa deni kwa noti bandia.

Jioni ile nilitoka shambani na viazi begani.
Mlango ulikuwa wazi nusu.
Binti yangu Skolastika alikuwa akimhesabia mdogo wake
punje za mahindi, kwa ile sauti ya kuimba ya darasani:
thelathini na moja, thelathini na mbili
gambuti zangu zikagusa kokoto za uani.
Thelathini na tatu haikuja.

Nilisimama, mvua ya Machi ikinitiririka shingoni.
Niliujua ukimya ule. Niliujenga mwenyewe,
tofali kwa tofali. Lakini sikuwahi kumpiga sana,
nikajitetea,
na lile neno "sana" likageuka kinywani
likaniangalia.

Baba yangu alikuwa mgema. Alinifundisha
kwamba mwanzi hautoi kitu kwa kukatwa mara moja:
asubuhi unaupunguza ncha, jioni unaupunguza ncha,
ukipitisha siku mbili kidonda kinafunga,
mbeta inabaki inakinga mvua.
Sijui kama Egidi amewahi kugema.
Kisu anacho.

Jumamosi iliyofuata nililitaja jina la binti yangu.
Hakuna aliyenipongeza. Mzee Kalinga
alilisukuma jiko la mkaa kwa mguu, upande wangu, kidogo.
Nimepokea komunyo mara nyingi nikiwaza ng'ombe;
joto lile lilinipata magotini
na sikuwaza kitu.

Sasa ni Mei. Mianzi imekoma kutoa, baridi imeshuka.
Jumapili nakaa ndani, benchi la tatu,
mikono hii mikubwa sijui pa kuiweka.
Sijawa mtakatifu. Juzi nilipiga meza mpaka chai ikamwagika.
Nikaiomba radhi meza kwanza, ilikuwa rahisi zaidi,
ndipo mke wangu, ndipo watoto,
mdogo akauliza, "Na kikombe?"

Jana nimerudi magharibi. Gambuti, kokoto.
Ndani walikuwa wakihesabu.
Skolastika alinyamaza, ndiyo, alinyamaza.
Lakini alikuwa amefika arobaini na sita,
na mkono wangu
ulikuwa umeshagusa komeo.