Sehemu ya Saba

Kanda yenyewe haipo. Waliifuta kituoni
siku moja wakitaka nafasi ya kurekodi mpira,
na mpira wenyewe, nasikia, uliisha sare bila bao.
Ndivyo *Merikebu ya Zuhali* ilivyozama,
sehemu ya saba, dakika ishirini na nne,
huko juu kabisa, pasipo na maji.

Kilichobaki ni sauti.
Bi Khola wa Kibokoni aliweka redio-kaseti juu ya kigoda,
mdomo kwa mdomo na televisheni ya jirani.
Si kwa ajili yetu, sisi hatujazaliwa.
Alimrekodia nduguye, Shekue, asiyeona,
apate kuirudia hata kaseti ichoke.
Kwa hivyo kila nahodha akitia kituo
Bi Khola hunong'ona:
"Sasa yuwafungua mlango. Mlango wenyewe kama wa friji.
Yule mwenye kovu yuko nyuma. Usinikanyage, Shekue."

Sisi ni watatu, chumba cha juu, Makadara,
feni moja, kompyuta inayochemka kama birika.
Twalib huchora. Dzombo huunda.
Mimi huhesabu sekunde na kugombana nao.

Dzombo alipata chupa ya chai Kongowea,
ya maua mekundu, akayakwangua kwa wembe,
akaipaka rangi ya fedha: ndiyo merikebu.
Tunajua nao walifanya vivyo hivyo,
maana katika picha pekee iliyosalia gazetini,
ukitazama sana ubavuni pa chombo,
kuna ua moja lililokataa kutoka.
Nyota ni matundu ya sindano kwenye kaniki
na taa nyuma yake.
Nyanya yangu alipoikosa kaniki sandukuni alisema tu:
"Mukimaliza mbingu, nirudishieni."

Twalib alitaka kuisafisha sauti,
aitoe adhana ya isha inayopita katikati ya vita,
hodi ya muuza kaimati, mtoto aliyepigwa kofi.
Nikamwambia: ondoa, na mimi naondoka.
Mfalme wa Zuhali anapouliza "Nani atawafuata?"
ni hodi ile inayomjibu,
na hakuna mwandishi ambaye angeiweka mahali pazuri zaidi.

Lakini dakika ya kumi na tisa kuna shimo.
Mlio kama wa nyuki, vyombo vinaanguka,
na Bi Khola, asiyeacha kutaja hata kofia iliyopinda,
ananyamaza.
Sekunde kumi na moja.
Twalib kazichora mara nne.
Mara nahodha anavua kofia na ndani hamna mtu,
mara mkono wa vidole sita.
Karani mstaafu wa bandari aliapa ulikuwa moto.
Mkewe akaapa jioni hiyo walikuwa harusini.

Bi Khola keshatangulia. Tukamwendea Shekue.
Alikuwa akimenya chungwa, ganda refu lisilokatika.
"Kumi na moja?" akasema. "Alinishika mkono
akauweka juu ya kioo.
Malaika yote ya mkono yakanisimama.
Joto, na umeme ule mdogo, kama kupapasa paka asiyekuwapo.
Hakuniambia kitu. Aniambie nini?
Niliona, bwana. Niliona kabisa."

Ijumaa tuliionyesha, shuka jeupe ukutani,
watu kumi na wanane, na nyanya akiidai kaniki yake.
Zile sekunde tumeziacha nyeusi.
Zilipofika Shekue akainuka,
akapapasa hewa mpaka kwenye shuka,
akaliwekea kiganja.
Tukangoja.
"Baridi," akasema, akarudi kukaa.

Leo Dzombo yuko Kongowea tena tangu asubuhi,
anatafuta televisheni ya zamani, zile zenye kisogo,
iliyo hai, au nusu hai.
Amenipigia sasa hivi: ipo moja, haionyeshi kitu,
lakini ukiigusa, anasema,
inauma kidogo.