Futi ya Chuma

Nimepima mara tatu, na mara tatu
ukuta umenijibu lilelile:
mita tatu na robo kwa nne kasorobo.
Mlango mmoja, unaotazama kichochoro cha Napoli.
Dirisha hakuna.

"Bibi, kitanda hiki kimekula nyumba.
Tuweke kochi la kukunja,
tupate pa kupumulia."
Concettina anaambua maharage mabichi
juu ya kitanda hichohicho,
kama vile hasikii.

Basi nikaanza na yanayowezekana:
rafu juu ya mlango, kwa masufuria ya Krismasi;
kulabu nyuma ya kabati;
meza ya ubao iliyofungwa bawaba,
inaning'inia ukutani kama sikio la punda,
ukiiinua unakula, ukiishusha unapita.
Rangi nyeupe, nikasema. Hataki.
Anataka kijani kile cha maduka ya dawa ya zamani.
Nikapaka kijani.

Kilichotugombanisha ni kioo.
Nilimwambia kioo hupanua chumba.
"Kitaniletea kizee wa pili," akasema,
"na huyu mmoja sijui nimweke wapi."

Jioni majirani wakaja kukagua.
Filumena, bintiye, fundi viatu wa ng'ambo,
saba kwa jumla, wote kitandani,
tambi na maharage mapajani,
magoti yakisukumana.
Kochi langu lingekaliwa na wawili
wenye adabu.

Ciccillo mdogo akasinzia upande wa ukutani,
kwenye bonde alilochimba babu kwa mgongo wake
miaka arobaini na mmoja.
Lilimtosha.